Pikipiki ya mtu, ya ofisini, au boda na dereva wake: ukiwa safarini ukodi ipi?

Ukifika mji mgeni Tanzania, bara au visiwani, na unahitaji pikipiki ya siku mbili tatu, njia ziko tatu. Unaweza kwenda kwenye ofisi inayokodisha. Unaweza kumkodi bodaboda kutwa nzima, yeye akiendesha na wewe ukikaa nyuma. Au unachukua pikipiki ya mtu binafsi: jirani wa mwenyeji wako, mwalimu anayeitumia siku za kazi tu, kijana wa kijiweni anayetaka kupumzika siku moja. Anakukabidhi ufunguo, mnapeana namba za simu, unaondoka.

Njia hii ya mwisho naipenda na ninaitetea. Pesa inaingia moja kwa moja kwa mtu wa pale pale, pikipiki yenyewe ni ya aina inayoijua barabara ya pale, na ukikwama mwenyewe anakuja. Ila wengi wanaichagua kwa sababu ya bei peke yake, na bei ndiyo sababu dhaifu kuliko zote.

Bei kwanza, ili tuimalize

Kujua kama umetajiwa bei ya haki, anzia kwenye hesabu. Mwenye pikipiki akimpa kijana aifanyie boda, hupokea hesabu ya siku, yaani kiasi walichokubaliana aletewe kila siku, na katika miji mingi ya bara hesabu hiyo huwa kati ya shilingi 7,000 na 10,000. Hicho ndicho kiasi ambacho chombo humwingizia kikishinda barabarani tangu alfajiri. Kwa hiyo akikukodisha wewe kwa 20,000 amepata mara mbili au zaidi, na pikipiki yake itatembea kilomita chache kuliko ambavyo ingetembea kijiweni. Akisema 25,000 au 30,000 bado mnaelewana. Akipanda zaidi ya hapo, mwambie kwa upole kwamba hesabu unaijua.

Ofisi, hasa zile za Mji Mkongwe, Nungwi na Paje kule Unguja, hupandisha bei watalii wanapojaa, Julai hadi Septemba na siku za mwisho wa Desemba. Ukichukua kwa wiki hushuka. Kwa kawaida utalipa zaidi kuliko kwa mtu binafsi, wakati mwingine mara mbili.

Boda na dereva wake inahesabiwa tofauti: kuna hesabu ya bosi, kuna mafuta, na kuna jasho la kijana mwenyewe. Ukimpa 30,000 kwa siku na mafuta ukaweka wewe, hujamnyonya. Mafuta yasikutishe. Pikipiki za cc 125 hadi 150 hula lita moja kwa kilomita 40 hivi, kwa hiyo kutoka mjini Unguja hadi Nungwi, ambako ni karibu kilomita 60, lita moja na nusu inakufikisha.

Tofauti ya bei kati ya ofisi na mtu binafsi kwa siku tatu inaweza kuliwa yote na jambo moja dogo lililoharibika. Ndiyo maana yanayofuata ni mazito kuliko bei.

Aliyeshika ufunguo ni nani?

Hapa ndipo ofisi inamshinda mtu binafsi mapema kabisa. Ofisini unajua unazungumza na nani: kuna jengo, kuna risiti, kuna namba ya mlipakodi, na kesho ofisi itakuwa pale pale. Kwa mtu binafsi, aliyeshika ufunguo anaweza kuwa mwenye pikipiki kweli. Anaweza pia kuwa dereva wa hesabu, ambaye pikipiki ya bosi hulala kwake tu. Anaweza kuwa yuko kwenye mkataba, yaani analipa kila siku kwa mwaka mzima au zaidi mpaka pikipiki iwe yake, na kabla ya hapo kadi ya usajili inakaa kwa bosi. Au ni deiwaka, aliyepewa chombo kwa saa chache na mwenzake aliyekwenda msibani.

Wote hawa wanaweza kuwa watu waaminifu kabisa. Tatizo ni kwamba watatu kati ya hao hawana mamlaka ya kukukodisha. Mabosi wengi wa mkataba hukataza pikipiki kushikwa na mtu mwingine, na baadhi yao wamefunga kifaa cha kufuatilia chombo kwa simu, kile chenye uwezo wa kuzima injini kwa mbali. Fikiria uko juu Usambara, njia ya Mtae, na bosi aliye Tanga mjini anaona pikipiki yake imetoka kijiweni asubuhi na inazidi kwenda milimani. Ataizima, na ana haki ya kuizima. Akipiga simu polisi, wewe ndiye utakayekutwa juu yake.

Basi uliza waziwazi, bila ukali: "Kaka, pikipiki ni ya kwako mwenyewe au uko kwenye mkataba?" Anayesema ukweli hajisikii vibaya kuulizwa. Akikwambia yuko kwenye mkataba, usimkimbie. Mwombe mumpigie bosi pamoja, simu iwe kwenye spika, bosi aseme kwa kinywa chake kwamba anakubali na kwa siku ngapi. Akigoma kupiga, tafuta mwingine.

Kisha omba kadi ya usajili. Bara hutolewa na TRA, mamlaka ya mapato, na Zanzibar ina usajili wake, kwa hiyo usishangae namba za Unguja kuanza na Z wakati pikipiki za bara zinaanza na MC. Usiishie kusoma namba ya usajili tu. Soma namba ya chesisi kwenye kadi, kisha inama uitazame ile iliyogongwa kwenye chuma cha shingo, chini ya usukani. Zikipishana hata tarakimu moja, rudisha ufunguo. Mara nyingi utakuta jina kwenye kadi si la anayekukodisha, kwa sababu watu huuziana bila kubadilisha umiliki. Hapo mwombe hati ya mauziano. Mwenye pikipiki halali huwa nayo ndani, imekunjwa pamoja na kadi.

Na kuna kipimo kingine ambacho hakimkwazi mtu: lipa kwa simu. Kabla ya kuweka namba ya siri utaona jina la anayepokea. Likifanana na jina la kwenye kadi au hati ya mauziano, umepata uthibitisho na umepata kumbukumbu ya malipo kwa mpigo mmoja. Akisisitiza utume kwa namba ya "shemeji", uliza kwa nini.

Kwa pikipiki za bara kuna hatua moja zaidi. Mfumo wa polisi wa faini za barabarani unaangaliwa mtandaoni kwa namba ya usajili. Angalia deni kabla hujaichukua, piga picha ya skrini, na uangalie tena siku ya kurudisha. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, lakini makosa manne ya zamani yaliyolala kwenye namba hiyo yanatosha kukusimamisha njiani saa nzima. Picha ile inamlinda na mwenye pikipiki pia, maana faini utakayoiacha wewe itamkuta yeye ukiwa umeshaondoka.

Bima

Pikipiki nyingi za watu zina bima ndogo. Bima hiyo inamlipa mtu wa tatu uliyemgonga au kumharibia mali. Haitengenezi pikipiki uliyoanguka nayo, haikulipii matibabu yako, na ikiibiwa haifidii. Hiyo ni hasara yako na ya mwenye chombo, mtagawana kadiri mlivyoandikiana.

Kuna jambo baya zaidi ambalo watu hawalisemi. Bima ya chombo cha matumizi binafsi kwa kawaida huwa na sharti kwamba chombo kisikodishwe. Bara rangi ya namba inakupa dokezo: njano ni chombo binafsi, nyeupe ni cha biashara. Ukiwa juu ya pikipiki ya namba ya njano uliyoilipia kwa siku, kampuni ya bima inaweza kusema sharti limevunjwa na ikakataa kulipa. Namba nyeupe nayo haimalizi swali, kwa kuwa bima yake ilikatwa kwa ajili ya kubeba abiria, dereva akiwa ni yule yule wa kijiweni. Mwambie mwenye pikipiki ampigie wakala wake wa bima mbele yako, aulize swali moja: mtu mwingine mwenye leseni akiendesha kwa kukodi, bima inasimama? Ni simu ya dakika mbili.

Kwamba bima ipo na haijaisha, hilo unalithibitisha mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni kwa kuingiza namba ya usajili. Usiamini karatasi peke yake.

Ofisi je? Baadhi zina bima kubwa na mkataba unaotaja kiasi ambacho mteja atachangia chombo kikiharibika. Nyingine zina bima ndogo kama ya mtu yeyote. Kwa hiyo swali la bima uliza kote kote, na jibu likiwa "usijali, ipo", bado hujajibiwa.

Lingine ni leseni. Leseni ya gari haikuruhusu kuendesha pikipiki. Unahitaji daraja A au A1 kulingana na ukubwa wa injini, na bila daraja hilo hakuna bima itakayokusimamia, iwe ya ofisi au ya mtu. Ndugu zetu wanaorudi nyumbani kutoka Muscat, London au Toronto wakiwa na leseni za huko, Unguja ni vizuri waende ofisini. Mwenye leseni ya kigeni asiye na kibali cha kimataifa huhitaji kibali cha muda cha kuendesha Zanzibar, na ofisi za kukodisha zimezoea kukishughulikia. Mtu binafsi mara nyingi atakwambia hakihitajiki, na vituo vya polisi njia ya Paje na ya Nungwi vitakwambia kinyume. Kwa mgeni wa namna hiyo sioni sababu ya kubishana: ofisi.

Chombo chenyewe

Hapa mambo yanageuka, na mtu binafsi anaweza kumshinda mwenye ofisi. Ofisi za visiwani hutoa zaidi vespa za otomatiki, rahisi kuendesha na nzuri kwa lami. Ukiingia njia za mchanga na mawe ya pwani ya kusini, matairi yake madogo yanayumba. Pikipiki ya mtu kwa kawaida ni Boxer, TVS, Haojue au Honda XL, yenye tairi kubwa na gia. Spea zake zinapatikana kwenye duka la kijiji, na kila fundi ameshazifungua mara nyingi. Ukikata waya wa klachi Makunduchi, Boxer inatengenezwa kabla ya adhuhuri. Vespa iliyoagizwa ikiwa imetumika inaweza kukungojesha mpaka spea itoke mjini.

Lakini ofisi nzuri hufanya sevisi kwa ratiba, na mtu binafsi hufanya akipata pesa. Kwa hiyo kagua, na usione haya kuchukua robo saa. Bonyeza breki ya mbele ukiisukuma pikipiki: tairi linapaswa kuganda. Kanyaga ya nyuma vivyo hivyo. Tazama kashata za matairi, hasa la nyuma katikati, kwa kuwa pembeni hubaki nzuri huku katikati pamekwisha. Shika cheni chini uipandishe na kuishusha. Kucheza kidogo ni kawaida, ikining'inia imechoka na spoketi zake pia. Iweke stendi kubwa, shika tairi la mbele kwa mikono miwili ulisukume mbele na nyuma ili usikie kama bearingi za usukani zimelegea. Washa taa zote, indiketa, honi, taa ya breki. Vuta kijiti cha oili ukiangalie: oili nyeusi tititi iliyo chini ya alama inakusimulia jinsi injini ilivyotunzwa. Mwisho izungushe mtaani ukiwa wewe ndiye dereva, na uachie usukani kidogo ukiwa mwendo wa polepole uone kama inavuta upande.

Ukimaliza, rekodi video ya mzunguko mmoja kwa simu, mwenye pikipiki akiwepo: mikwaruzo, vioo, kiti, kilomita na kiasi cha mafuta. Mtumie hapo hapo. Video iliyo kwenye simu zote mbili inazuia ugomvi mwingi wa siku ya kurudisha.

Kofia ngumu ni mbili, yako na ya abiria wako. Watu binafsi mara nyingi wanatoa moja, tena isiyo na mkanda wa kidevuni. Nunua au azima nyingine. Na msijibane watatu. Mishikaki ni kosa barabarani, na bima itakimbilia hapo hapo ikitafuta pa kutokea.

Dhamana na maandishi

Ofisi itataka fedha ya dhamana au nakala ya kitambulisho. Mtu binafsi atataka kushika kitu chako, na namwelewa: pikipiki hiyo inaweza kuwa ndiyo mali yake kubwa kuliko zote, na pikipiki zinaibwa kila siku. Usimpe pasipoti wala kitambulisho cha NIDA halisi. Mpe nakala, mpe namba ya mwenyeji wako, mwonyeshe unapolala. Ukitaka kumtuliza kabisa, mwambie mwende pamoja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au kwa sheha mkiwa visiwani, muandikishiane pale.

Karatasi moja inatosha. Iandike kwa mkono: majina yenu, namba ya usajili na ya chesisi, tarehe na saa ya kuchukua na kurudisha, bei, mafuta yaliyomo, eneo utakalofika, nani analipa pancha, nani analipa ikifa injini, nani analipa ikianguka, na itakuwaje ikiibiwa. Hilo la mwisho watu wanaona aibu kuliandika kwa kuwa linafanana na kutakiana mabaya. Liandikeni. Kwangu mimi pancha, taa, kioo na mkono wa klachi ni za anayekodi. Injini na gia zilizochoka kwa umri ni za mwenyewe, ila kama umeiendesha bila oili. Wekeni sahihi, na mashahidi wawe wawili.

Likitokea la kutokea

Ukianguka na kuumia, au ukamgonga mtu, polisi huja kabla ya fundi. Bara na visiwani hospitali itakuuliza PF3, fomu ya polisi, kwa majeraha ya ajali. Mpigie mwenye pikipiki papo hapo, kwa kuwa kadi na bima ni vyake na polisi watamwita.

Ofisi ikiwa nzuri ina mtu wa zamu na orodha ya bei za spea. Ikiwa mbaya, orodha hiyo ndiyo itakayokuchuna. Mtu binafsi hana orodha. Mtakwenda kwa fundi, na ushauri wangu ni kwamba fundi asiwe wa kwake wala wako. Chagueni mmoja mbele ya mashahidi wenu, spea mnunue wenyewe dukani na risiti zibaki. Mtu aliyekujua kupitia mwenyeji wako hatakukomoa, maana kesho ataonana na mwenyeji huyo msikitini, kanisani au sokoni. Kwa pikipiki ya mtu, mwenyeji anayewafahamu nyote wawili ananifaa kuliko kipengele chochote cha mkataba. Asipokuwepo mtu wa namna hiyo, sikodi kwa mtu binafsi.

Lini uchukue boda na dereva wake

Milimani, na wakati wa mvua. Toka Mombo ukipanda kwenda Lushoto kupitia Soni: lami ipo, lakini kona zimebana ukingoni mwa genge na malori yanashuka. Ukitoka Lushoto kuelekea Mtae au Mlalo unaingia vumbi, na masika, Machi hadi Mei, vumbi hilo linakuwa utelezi mwekundu. Kijana wa Lushoto anajua kona ipi huporomoka na wapi ashushe gia mapema ili injini ibane mwendo badala ya kuchoma breki. Wewe unapata nafasi ya kutazama mashamba ya ngazi. Hata mwenye leseni na uzoefu wa Dar namshauri siku ya kwanza apande nyuma. Kabla ya kuondoka muulize leseni na bima, palepale mbele ya wenzake kijiweni, na namba ya pikipiki itume kwa mtu wa nyumbani.

Kwa mahali

Unguja, ukiwa mgeni wa kisiwa au una leseni ya nje: ofisi. Ukiwa na mwenyeji na leseni ya daraja A: mtu binafsi, tena Boxer kuliko vespa kama unakwenda Kizimkazi na Makunduchi. Barabara ya Jozani ipite taratibu. Matuta yale yamewekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka, na yanatupa pikipiki isiyo na shokapu nzuri.

Moshi na Arusha: mtu binafsi kwa mizunguko ya mjini na vijijini. Usivuke nayo Holili wala Namanga. Kuvuka mpaka kunadai kadi halisi, barua ya mwenye chombo na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile inayotambuliwa nchi za jirani, na sioni mwenye pikipiki mwenye akili timamu atakayekukabidhi kadi halisi uondoke nayo nchi nyingine. Tena hifadhi za taifa haziruhusu pikipiki ya mgeni kuzunguka ndani, kwa hiyo usiikodi ukidhani itakupeleka kuona wanyama.

Pemba: mtu binafsi, bila kusita. Ofisi ni chache, na ukimuuliza mwenyeji wako Chake Chake au Wete atakupatia pikipiki kabla chai haijapoa. Njia ya Konde kwenda Ngezi na Kigomasha ina vipande vya mchanga na maduka ya spea yako mbali, kwa hiyo mwombe mwenyewe akuwekee chini ya kiti plagi moja, spana ya plagi na mrija wa tairi wa akiba, na chupa ya petroli ununue Konde kabla hujaingia msituni.